Maelezo ya Ziada kwa Mhasibu

Bwana Devasagayam,
fomu yako ina mstari mmoja tu wa Sababu,
na sababu zangu hazikunjiki zikatosha hapo.
Umeuliza kwa kalamu nyekundu:
laki tatu na nusu za rupia
kwa kompyuta isiyo hata na taa?

Nilikwenda Gandhipuram Jumamosi, jua la Mei likikaanga lami.
Muuzaji akanionyesha sanduku la kioo,
feni zake zikibadili rangi kama kinyonga mwenye homa.
"Viini thelathini na viwili, dada! Hii inaruka."
Mwamba ngoma huvutia kwake.
Nikamuuliza: viini vyote hivyo
vinachota kumbukumbu kwa njia ngapi?
Mbili, akasema,
akatazama simu yake.

Ikumbuke harusi ya binti yako pale Peelamedu.
Tuseme wapishi thelathini na wawili, kila mtu na mwiko wake,
na mabomba mawili ya maji.
Wanne wanapika.
Waliobaki wamepanga foleni na sufuria tupu,
na wote utawalipa,
maana leseni ya programu yetu
hudai ada kwa kila kiini, kipike kisipike.

Kwa hiyo: viini kumi na sita. Njia nane.
Kumbukumbu gigabaiti mia mbili hamsini na sita,
ya aina inayojisahihisha yenyewe,
kwani hesabu ya siku tatu
haifai kuharibiwa na tarakimu moja
iliyopinduka usiku wa pili.
Kadi ya picha ya kawaida; mimi sichezi,
na maji hayahitaji kupendeza.
Na betri ya akiba. Usiifute. Umeme wetu unaujua.

Sasa ile sababu ambayo sikuiandika.

Mwaka jana, pangaboi la pampu ya inchi sita:
kompyuta hii ilizimika mara nne,
kila mara ikiwa asilimia tisini na moja,
imejaa, haina pa kuweka namba.
Nikafanya ambalo kila mtu hufanya.
Nilipanua macho ya wavu wa hesabu,
milimita moja ikawa nne,
mpaka pampu nzima ikaenea ndani ya kumbukumbu haba.
Matokeo yakaja kabla ya chai.
Kijani tupu.
Nikatia saini.

Mkazo uliovunja lile panga
ulikuwa mwembamba kuliko jicho la wavu.
Ukapita katikati,
pale shina linapokutana na kitovu,
nami sikuwa na nukta hapo ya kuulizia.

Zilirudi pampu arobaini na moja.
Wewe ndiye uliyeandika hundi.
Mimi ndiye niliyekwenda Pollachi kwa bwana Kittusamy,
minazi yake imeinamisha makuti,
kisima kimejaa, maji hayapandi.
Akanipa ya kunywa, ya chupa, ya kununua.
Hakunitukana.
Afadhali angenitukana.

Rahisi inavunja upishi, bwana,
na safari hii upishi ulikuwa wangu.

Saini hapo chini, au usisaini.
Kompyuta ya zamani ichukue wewe:
kwa kujumlisha laki inatosha.
Haijawahi kusema uongo.
Iliulizwa kidogo, ikajibu kidogo.

Thenmozhi,
ghorofa ya pili, chumba chenye joto