Shanga Saba, Chupa Mbili

Novosibirsk, ghorofa ya nane, mlangoni mwa friji,
kati ya mtungi wa matango ya siki
na nusu kabichi aliyoifunga Yefim kwa gazeti,
chupa mbili, kila moja kimo cha kidole gumba.

Yenye kifuniko cha bluu, ya akili.
Yenye kifuniko cheupe, ya woga.

Bi Kapitolina wa duka la dawa alinieleza
huku akihesabu chenji:
"Peptidi ni ushanga tu, binti. Zote mbili shanga saba.
Tofauti ni mpangilio."
Zinafanya kazi?
Akatazama theluji nje. "Wapo wanaosema."

Mimi ni fundi wa piano. Nalipwa
kwa kusikia nyuzi mbili zikigombana
pale wengine wanaposikia wimbo.

Jumatatu, bluu. Matone mawili kila tundu la pua,
yakanishukia kooni, baridi, machungu kama sarafu.
Kufika saa nne naisikia lifti inavyokohoa,
namba za simu za marehemu zinanirudia mbio,
uzi uliolegea naujua kabla sijaugusa.
Na hofu nayo ikavaa miwani.
Ikanisomea kila kitu, hata maandishi madogo.

Alhamisi, nyeupe.
Moyo ukavua viatu, ukakaa.
Nikavuka daraja la Ob bila kuhesabu nguzo,
mara ya kwanza tangu tumzike mama.
Ukumbini nikaipima noti ya la,
na mahali pa kusema la, nikasema ndiyo.
Avgusta, mpigaji, aligeuza shingo tu.
Sikuona haya.
Hilo ndilo lililonitisha baadaye,
woga ulipoikumbuka njia ya nyumbani.

Nikaandika daftarini kama karani wa ghala:
bluu, sikio tano, usingizi sifuri;
nyeupe, usingizi nne, sikio moja na nusu.
Mshika mawili, nikajiambia,
nami mkono wa tatu sina.

Jumapili Yefim anatafuta siki.
Anasema, kwa sauti ya mtu aliyemkanyaga paka:
"Zilianguka, wiki ile nyingine. Vifuniko vikatoka.
Karatasi za majina zilikwishalowa.
Nikavirudisha. Sawasawa, nadhani."

Nadhani!

Nikacheka hadi jirani akagonga ukuta.
Daftari langu limemsifu nani, limemsingizia nani?
Au nilichonusa wiki nzima
ni rangi ya kifuniko?

Saa nane usiku. Sijatia tone.
Hofu imeketi ukingoni mwa kitanda na miwani yake,
inanisubiri niseme kitu.
Friji inaunguruma; naisikia wazi,
iko chini kidogo ya si,
na kila inapozima hutetemeka,
chupa zile zikagongana,
ting.

Hazilingani.
Naamka kutafuta ufunguo wangu wa kukazia,
kisha nakumbuka kwamba ni chupa.