Benchi la Tatu

Nauza magodoro, Moshi mjini, nyuma ya stendi:
inchi sita, inchi nane, na yale ya springi.
Mteja hulikandamiza kwa kiganja kama daktari,
"Hili halitabonyea?"
Mama, hili utalala usahau una mgongo.

Baba yangu, Anaeli, alikuwa fundi wa mbao.
Mabenchi ya kanisa letu kule Mbokomu ni kazi yake:
kikalio chembamba, egemeo limesimama wima.
Watu walilalamika. Akasema,
"Anayetaka kulala, kwake kuna kitanda."

Mwaka juzi kiharusi kilimpiga,
kikamwachia neno moja tu: bado.
Muuguzi alinielekeza, "Kila baada ya saa mbili mgeuze,
usiku na mchana, la sivyo atatoka vidonda."
Nikampa godoro bora kuliko yote dukani.
Halikumgeuza.

Nilitafuta mtu wa kumlipa. Kijana alikaa siku nne.
Basi nikaamka mwenyewe, saa nane, saa kumi,
baridi ya mlima ikipita chini ya mlango,
mkono mmoja begani, mmoja nyongani,
mkojo, shuka, maji ya vuguvugu kwenye beseni.
Bado, anasema. Sikujua kama ni maumivu
au ni mimi ambaye sijafika.

Dukani, redioni, mhubiri anagawa magari, viwanja,
mwili usioumwa: pokea!
Wateja wanaitikia napokea, nami napima sponji.
Sibishani naye. Ila Yesu anayemtaja
nimemtazama viganja, havina matundu.
Wa kwangu nilikutana naye saa kumi za usiku,
shati limelowa, ameshika upande wa pili wa shuka.

Msiniambie mateso ni matamu. Yananuka.
Simwombei hata adui yangu.
Lakini mikono hii ya kuhesabu noti
imejua uzito wa mtu,
na sala niliyoimaliza kwa pumzi moja tangu utoto
sasa inanikwama kwenye neno la kwanza,
Baba.

Tulimzika Februari, kihambani.
Kamati ya kanisa imeniagiza matakia, mabenchi yote arobaini.
Nimeyapeleka. Ni biashara, na wazee wana viuno.
La tatu tu, upande wa dirisha, nimeliacha tupu.
Mzee wa kanisa akauliza, "Na hili, umeshalimaliza?"
Nikaketi juu ya mbao. Ikaniuma palepale.

Bado, nikamwambia.