Kibanda cha Pili

Bwana Ofwono ananipa barakoa na glavu,
ananionya: "Panya walitangulia kusoma."
Chumba kiko chini ya ofisi ya wilaya, Jinja,
kuta zinatoa jasho, mafaili yamefungwa kwa katani
kama kuni za kupeleka sokoni.

Nimekuja na jina moja: Gulere, babu wa baba.
Kwetu, matangani na harusini, Gulere ni simba.
Alimkatalia Mzungu mchana kweupe.
Aliivunja fimbo ya chifu gotini,
akahama ziwani kwa hiari yake, kichwa juu,
ng'ombe arobaini wakimfuata.

Siku ya kwanza hakuna simba.
Siku ya pili, vumbi na risiti za pamba.
Siku ya tatu namkuta Ngulere,
kisha Gurere,
kisha, kwa wino wa rangi ya chai, "Guleri, mnyapara":
watu watatu, au mmoja
aliyepita katika masikio ya makarani watatu.
Nalinganisha kijiji, mwaka, jina la baba yake.
Ni yeye.
Namnakili kwa penseli, kalamu hairuhusiwi humu,
na mkono unatetemeka kama wa mtu anayeiba.

Hakukataa kitu.
Mwaka ule wa malale, mbung'o walipowamaliza watu
na amri ikaja kwamba ufuko uhamwe wote,
yeye ndiye aliyepewa orodha na kiberiti.
Ripoti ina mistari minne.
Nyumba themanini na sita zimechomwa.
Wagonjwa kumi na mmoja wamebebwa.
Guleri amefanya kazi vizuri, apewe shuka moja.
Ng'ombe hawatajwi.
Shuka limetajwa.

Natoka nje, nanunua hindi la kuchoma,
nalishika mpaka linapoa.

Narudi kwa kuwa limebaki swali:
mkewe, yule aliyemzaa babu.
Nafungua daftari la kodi.
Guleri, vibanda viwili, rupia sita.
Kila mke na jiko lake, kila jiko na kodi yake,
kwa hiyo huyu hapa bibi yangu,
bila jina, bila umri, bila ukoo:
kibanda cha pili.
Mwaka unaofuata: kibanda kimoja, rupia tatu.
Kimeanguka? Kimeungua? Amerudi kwao?
Daftari limejumlisha chini ya ukurasa
na jumla iko sawa.

Nampigia Shangazi Kwagala, kule Mayuge.
Nasikia maharage yakidondoka kwenye ungo.
"Yule? Tibiwa.
Mama yake hakuwa kwenye orodha ya kubebwa.
Tibiwa alirudi ziwani usiku kumfuata,
akamwacha babu yako kwa mke mkubwa, hajaacha ziwa.
Hawakurudi, yeye wala mama yake."
Mbona hukuwahi kunieleza?
"Hukuuliza. Nyie wote mnakuja kuuliza simba.
Na dada yako wa Iganga, unadhani kapewa jina la nani?"
Nataka kuuliza nyumba ya mama yake
ilikuwa ya ngapi kati ya themanini na sita.
Salio linakwisha.

Usiku, kwenye chumba cha kupanga, nafuta ukurasa wa kwanza.
Simba anatoka, anaingia mtu mwenye kiberiti,
na sijui kama aliuona mlango kabla ya kuuwasha.
Hapo naacha nafasi. Sitaijaza kwa kubuni.
Baba wadogo watanuna, mmoja ataudai mchango wake wa nauli.
Chini naandika vyanzo:
daftari la kodi, ukurasa uliotafunwa pembeni;
simu ya dakika nane.

Asubuhi naenda kuaga.
Kitabu cha wageni kiko wazi mezani,
Bwana Ofwono alikwisha kunijazia, kuniokolea muda:
Isabiri, wa Mayuge, anatafuta Guleri.
Namshukuru.
Kisha namwomba kalamu.