Hamira Imelala

Saa kumi na moja alfajiri, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne.
Nafunua ndoo: unga wa vitumbua uko vilevile nilivyouacha,
shwari, hauna hata tundu moja.
Januari, kwa hamira hiihii, ungekuwa umeshainua kifuniko
unatambaa mezani kama mtoto.

Mwanakombo kajikunyata ndani ya kanga mbili:
“Mama, nani kalizima joto?”

Hakuna aliyelizima. Limehama.
Jua limekwenda kaskazini, ugenini,
huko kusini ya mbali limeacha usiku mrefu
na mchana wa kukopa.
Hewa ya huko imepoa, imekuwa nzito
kama shuka lisilokamuliwa,
ikashuka, ikabanana.
Na kizito kikibanana hutafuta mlango.

Tazama jiko. Moshi ukipandia dirishani,
ubaridi wa chini ya mlango huingia kushika nafasi yake,
ukakuuma vidole vya miguu.
Kusi ndilo hilo.
Ila mlango wake ni bahari nzima.

Wala haliji kwa mstari ulionyooka. Wewe ukiizungusha ndoo
nami nikimimina tui,
si unaona ule weupe unavyopinda wenyewe?
Dunia nayo inazunguka, haimsubiri mpita njia.

Njiani linalowa. Likifika hapa lina manyunyu ya dakika tano,
yanakuta nguo kambani, yanaondoka bila kuaga.
Kisha linashika njia ya Muheza, linagonga milima,
linapandishwa kwa nguvu, linatapika maji.
Dada yangu yuko Amani. Jana kapiga simu:
“Iliki yako haijakauka. Jua hatujaliona tangu Jumatatu.”
Halafu akacheka: “Na ninyi wa pwani, baridi gani hiyo mnayolilia?”

Shebuge wa bodaboda amefika, kavaa koti la mtumba
lenye manyoya shingoni, lililoshonewa theluji
ambayo hataiona.
“Vitumbua kumi.”
Bado.
“Bado? Saa kumi na mbili hii!”

Nasogeza ndoo karibu na mkaa.
Naifunika kwa kanga moja ya Mwanakombo; ananuna, ananipa.
Barafu ya kusini siijui, na yenyewe hainijui,
lakini imenikuta jikoni, imeshika hamira yangu ya mia tano.

Kimya.
Kisha, pembeni kabisa, povu moja linavimba
na kupasuka.
Shebuge anavua glavu, anakaa.