Zamu kwenye Chelezo

Kayenze tuna chelezo kimoja, winchi moja,
na Lugata, fundi wa kuchomelea, mmoja,
tena jicho la kushoto linamwuma.
Ziwa halijui hayo. Linaleta.

Jumanne waliingia watatu:
Bugeraha wa Ukara, mkuku umeoza, siku tisa;
Kwilasa na mashua yake ya dagaa, siku mbili;
boti la Mama Nyanzala, shafti imepinda, siku nne.
Nikaandika kwa mkaa nyuma ya mfuko wa saruji.

Kwa kufika: tisa, kumi na moja, kumi na tano.
Jumla ya kungoja, thelathini na tano.
Nikageuza, mfupi atangulie:
mbili, sita, kumi na tano.
Ishirini na tatu.

Siku kumi na mbili zimepatikana, sijui zilijificha wapi.
Lugata hajaongeza hata pumzi,
winchi inakoroma vilevile.
Nilicheka peke yangu kama aliyeokota noti
kwenye mfuko wa koti la mwaka juzi.

Bugeraha hakucheka.
"Nilifika kabla ya jua," alisema, basi.
Kweli. Kosa lake ni urefu wa kazi yake.
Nikaona na kile hesabu ilichonificha:
vidogo haviishi ziwani.
Kila asubuhi kimoja kitapanda,
naye atabaki kwenye mawe
mpaka magugu yamee kwenye mbavu za boti.

Nikafuta kwa kiganja, nikaanza upya.
Kila mmoja na uzito wake: moja.
Kila usiku anaolala nje, ongeza moja.
Gawanya kwa siku za kazi.
Mwenye kikubwa apande.

Kwilasa akapanda, akashuka. Mama Nyanzala vilevile.
Asubuhi ya saba kikaja kimtumbwi cha siku mbili:
moja juu ya mbili, nusu.
Bugeraha: saba juu ya tisa.
"Ukara," nikaita, "panda."

Kijana wa kimtumbwi alisoma mfuko, midomo ikicheza.
"Ningetangulia mimi, jumla kumi na tatu.
Sasa ni ishirini. Dada, umepoteza siku saba."

Nilikuwa nimeshazihesabu.
Pembeni, chini ya chapa ya kiwanda, palibaki nafasi.
Nikampa mkaa.
Ziandike hapo, nikamwambia,
kwa jina langu: Nyamizi, siku saba.
Tena andika wazi, Lugata asome
kwa jicho lile moja.