Asili Moja

Mfuko umeletwa na nafasi ya maneno machache:
jina la shamba, mwinuko, aina ya mbegu,
na juu kabisa, kwa herufi nene, ASILI MOJA.
Nimepewa kalamu kwa kuwa nilifika kidato cha sita
na macho ya mama hutoa machozi karibu na taa.

Mwinuko ni rahisi. Mita elfu moja mia tisa.
Kijana wa chama aliupima kwa simu yake,
amesimama juu ya kaburi la baba bila kujua.
Mama alimwacha amalize kuhesabu,
ndipo akamwomba asogee.

Mbegu je?
Miche ya kwanza aliileta mjomba Wodeya kutoka Sipi
ndani ya sufuria, imefunikwa jani la mgomba,
mwaka ule alioachwa na mkewe
akawa hana zawadi nyingine ya kutujia nayo.
Aliinunua, au aliomba, au aliiba:
kila Krismasi hadithi hubadilika,
na miche huongezeka.

Na udongo?
Usiku ule mlima ulipokohoa
shamba la Neumbe liliteremka likaja kulala kwetu:
udongo mweusi, migomba bado imesimama wima,
mlango wa choo,
mbuzi mmoja, hai.
Mbuzi tulimrudisha.
Udongo ungerudishwaje, kwa karai?
Mistari saba ya kahawa, ile inayozaa kuliko yote,
imeota juu ya shamba la mtu mwingine.
Neumbe akipita asubuhi huangalia chini,
hukanyaga polepole,
hubisha hodi akiwa kwake.

Kuambua tunaambua kwa mashine ya Magombe,
malipo beseni moja la mbivu na maneno matamu.
Kisha pipa, saa thelathini na sita, au arobaini kukiwa na ukungu.
Mama hana saa. Hutumbukiza mkono hadi kiwikoni,
husugua punje kiganjani, husikiliza.
Zikilia kama changarawe za mtoni,
basi, leteni maji.

Mwezi uliopita tulishuka naye Mbale kwa waonjaji.
Vikombe vimepangwa mezani kama darasa la watoto.
Mzee mmoja alifyonza kijiko kwa kishindo,
ng'ombe anachomoa mguu topeni,
akatema, akafunga macho, akasema:
machungwa, asali, na ua ambalo sikulijua.
Themanini na saba.
"Kati ya ngapi?" mama akauliza.
"Mia."
"Na hizo kumi na tatu amezichukua nani?"

Walicheka. Yeye hakuwa anatania.
Wakampa kikombe chake, cheusi, bila sukari.
Miaka arobaini ameilima, ameiuza kwa kilo,
akarudi nyumbani kunywa majani ya chai.
Alionja. Akakiweka chini kwa mikono miwili.
"Kumbe," akasema, "hii ndiyo iliyowasomesha."
Hakusema kama ni tamu.

Sasa nimekaa barazani, mfuko magotini.
"Soma ulichoandika."
"Asili moja."
"Moja ya nani?"
Najua pesa ikija atafungua leso,
atatenga mafungu kwa kidole: ada, mbolea, dawa,
na fungu moja litapanda mlima jioni
bila mtu kulitaja ni la nini.
Pale pa jina la shamba nimeandika la baba,
nikaweka mkato,
nikaanza N

mawingu yakaangua. Kalamu ikadondoka.
Tukakimbilia vitanda vya kuanikia,
mimi na turubai lililotoboka pembe mbili,
mama akipiga kelele zisiloe, zisiloe,
na kutoka juu, matope hadi magotini,
Neumbe anakuja mbio, hajaitwa,
anashika ncha ya pili.