Hodi Kwangu

Nilipiga hodi mara tatu
kwenye mlango niliouchagua kwa picha ya simu
nikiwa Sohari, juu ya ngazi, bisibisi mdomoni,
natengeneza viyoyozi vya watu.
Ndani sauti ikajibu: Karibu, mgeni.
Nikavua viatu.

Mtwara, Chuno, kitalu D, kiwanja mia mbili kumi na nne.
Hati ina majina yangu matatu, Hemedi Ausi Nachenga,
na risiti za pango la ardhi ninazo, mwaka kwa mwaka,
maana marehemu baba, karani wa chama cha korosho,
alikuwa hachoki kutuimbia:
mali bila daftari huisha bila habari.
Daftari ninalo, baba.
Ila mwenye daftari kakalishwa mkekani,
na asiye nalo ndiye anayemimina chai.

Bi Somoe Likwata. Nilimweka mwenyewe
enzi zile za gesi, kila chumba mjini kikitajwa bei ya Dar.
Niliogopa nyumba isikae tupu, popo wakarithi.
Kaa, mama, mpaka nirudi.
Nilisema tu kwa simu. Sikuandika mkataba,
wala mjumbe hakuitwa kushuhudia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Nilimpa jembe.
Akalima. Akapanda mkorosho nyuma ya choo,
akaozesha binti sebuleni kwangu,
akapima wajukuu ukutani kwa mkaa:
Faraji, Zena, Faraji tena, kampita dada yake.
Na mwezi uliopita akamwambia mwenyekiti wa mtaa
nyumba hii yangu, mwulizeni mkorosho.

Wakili ni binti mdogo, ofisi yake juu ya duka la mabati.
Alihesabu kwa vidole.
"Miaka kumi na miwili, kaka.
Ikipita mwenye mali hajafungua mdomo, sheria nayo husinzia.
Wewe una kumi na mmoja na miezi minane."
Miezi minne, basi:
toka mkorosho utoe maua mpaka ghala lifungwe.

"Na usivunje kufuli. Usikate maji.
Using'oe hata bati moja.
Kwako pakishakaliwa, unaingia kwa amri ya baraza la ardhi,
ukija na nyundo, mshtakiwa utakuwa wewe."
Akanyamaza, akauma kalamu.
"Aliwahi kukuomba ruhusa? Ya chochote?
Aliyekaribishwa hahesabiwi miaka."

Nikafungua simu, nikashuka na ujumbe,
misiba, ada, heri za Idi, nikashuka,
hadi mwaka wa pili:
Mwanangu, dirisha la uani limeliwa na mchwa. Nibadilishe?
Na chini yake mimi: Badilisha, mama.

"Hilo hapo," akasema, akapiga meza kofi.
Dirisha.

Likizo imebaki siku sita, shauri litatajwa baada ya tisa.
Nimemwandikia binamu yangu hati ya kusimama badala yangu,
tumeigonga muhuri, nakala tatu.
Yeye anauliza nauli nani atalipa.

Jana nilikwenda tena, samansi mfukoni imekunjwa mara nne.
Nikaomba kuliona dirisha.
Fremu ya mkangazi, rangi ya kijani, kitasa cha bei.
Nikalisukuma, likafunguka bila kelele.
Kazi nzuri, nikasema, na nilimaanisha.
"Fundi alinila elfu sitini," akacheka,
"sikutaka kukusumbua huko uliko."

Akaniwekea korosho za kuchoma kwenye kisahani.
Zangu, zake, sijui baraza litaziita za nani.
Nikala mpaka masizi yakabaki vidoleni.
Karatasi nikaitoa nikiwa nimeshasimama.
Hakuifungua. Aliichomeka kwenye kibwebwe,
akajifunga khanga upya,
akanisindikiza, kama mwenyeji amsindikizavyo mgeni,
mpaka kwenye jiwe la mpaka.